Upepo ulianza upande gani? Kumbukumbu za tufani ya Lindi ya 1952, na yale tuliyoyaona kwa Hidaya

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Katika ukoo wetu kulikuwa na ubishi mmoja ambao haukuwahi kuisha, na ambao mimi niliuchukulia kama porojo za wazee mpaka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipotufikia. Babu mzaa baba, ambaye kwao ni kijiji cha pwani kati ya Kilwa na Lindi, alikuwa akisema kwamba siku ya tufani ya mwaka 1952 upepo ulitoka bara, ukavuma kuelekea baharini kwa nguvu kiasi kwamba ngalawa zilizokuwa zimepandishwa mchangani zilisukumwa hadi majini na hazikuonekana tena. Bibi mzaa mama, aliyekulia kijiji kilicho jirani na mji wa Lindi, alikuwa akimcheka waziwazi. Kwa maelezo yake, upepo ulianza kusini, ukavunja, ukanyamaza kabisa, kisha ukarudi kutoka kaskazini ukamalizia uliyoyabakiza. Kila walipokutana kwenye harusi au hitima, kabla pilau halijapakuliwa, lazima mmoja amchokoze mwenzake. Babu alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili siku hiyo na bibi minane, kwa hiyo babu alikuwa akimwambia, "Wewe ulikuwa mtoto, ulijificha chini ya kitanda, upepo uliuona wapi?" Naye bibi alikuwa na jibu moja tu: "Mimi nilijificha, lakini minazi haikujificha."

Kwa wasioifahamu, tufani hiyo iliingia nchi kavu tarehe 15 Aprili 1952, siku ya Jumanne, ikaupiga mji wa Lindi na vijiji vyake, na idadi ya waliokufa iliyoandikwa ni watu 34. Hakuna aliyepewa taarifa. Satelaiti ya kwanza ya hali ya hewa ilirushwa miaka minane baadaye, na kijijini kwa bibi hapakuwa na redio hata moja. Watu waliona mawingu ya masika kama walivyoyaona kila Aprili, wakaendelea na kazi zao.

Simulizi ya bibi nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisema bila yeye kuwepo. Mama yake alikuwa akitwanga. Upepo ulipozidi, paa la makuti lilianza kunyanyuka upande mmoja, likashuka, likanyanyuka tena, mpaka mapao yakaachana na boriti na paa zima likaondoka. Wakabaki wanaitazama mbingu wakiwa ndani ya nyumba. Wakaingia chini ya kitanda cha kamba, yeye, mama yake na wadogo zake wawili. Baadaye kukawa kimya. Bibi anasema ukimya huo ndio anaoukumbuka kuliko kelele, kwa sababu aliweza kumsikia jirani akikohoa nyumba ya tatu. Jua lilitoka kidogo. Watu wakatoka, wakaona nazi na madafu yametapakaa chini kama shamba limeangushwa na wakwezi kumi kwa wakati mmoja, na watoto wakaanza kuokota. Mama yake akawazuia yeye na wadogo zake, si kwa kuwa alijua lolote kuhusu tufani, bali kwa kuwa hakutaka waokote nazi za watu. Upepo ukarudi ghafla, safari hii kutoka upande wa pili, na miongoni mwa waliokuwa shambani wapo waliolaliwa na minazi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo bibi hulirudia kila mara na ambalo mimi sikulitilia maanani kwa miaka thelathini. Anasema kesho yake minazi ilikuwa imelaliana: ya chini vichwa vyake vilielekea kaskazini, na ya juu yake vichwa vilielekea kusini.

Nije kwenye Hidaya. Jina lenyewe kwetu ni jina la binti, na maana yake ni zawadi, jambo ambalo wanawake wa kijijini walilitania sana kabla ya siku yenyewe na hawakulitania tena baadaye. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari mapema. Taarifa zilisambaa kwenye simu, msikiti ulitangaza, na boti za Unguja zilisimamishwa. Hata hivyo, wengi kwetu walipuuza, na sababu yao haikuwa ya kijinga. Aprili 2021 tulitangaziwa kimbunga Jobo, watu wakapandisha vyombo, wakafunga mabati kwa kamba, wakalala macho, na Jobo kikafifia kikiwa bado baharini. Aliyekesha bure mara moja si rahisi akeshe tena.

Mimi nilikuwa nimekwenda nyumbani, upande wa Kilwa, kuangalia ufuta wa marehemu baba, uliokuwa unakaribia kukatwa. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 4 Mei, upepo ulianza kutoka baharini, mashariki kabisa, na haukugeuka. Bati la upande wa jikoni lilianza kupigapiga. Kila lilipopiga, msumari ulitoka kidogo, na mimi nikiwa nimelala nilikuwa nahesabu mapigo kama mtu anayehesabu saa. Likang'oka kabla ya alfajiri. Mvua ndiyo iliyotuumiza zaidi kuliko upepo, kwa kuwa ardhi ilikuwa imekwisha kushiba: masika hayo yalikuwa na mkono wa El Niño, Rufiji na Kibiti vilikuwa vimefurika tangu Aprili, na wiki moja tu nyuma Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa ameliambia Bunge kwamba mvua zilikuwa zimekwisha kuua watu 155 nchini. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga na Mikereng'ende, mabasi yakakwama huku na huku. Ufuta wangu niliukuta umelala wote, na vichwa vyake vyote vikiangalia bara.

Nilisimama pale shambani nikajiuliza: upepo wa kwetu haukufuata maneno ya babu wala ya bibi. Haukutoka bara, wala haukuanza kusini ukarudi kaskazini. Umetoka baharini, ukaishia baharini. Je, nani kati ya wazee wale wawili alikuwa anasema kweli?

Naomba mwenye kumbukumbu yoyote, yake au ya mzee wake, atuandikie hapa. Nina ombi moja tu: msiniambie kimbunga kilikuwa kikubwa kiasi gani, maana kila mtu kimbunga chake ndicho kikubwa. Niambieni upepo ulianza upande gani na uliishia upande gani.

Pweza wa Chole

Ndugu mleta uzi, sisi wa Mafia ndio tulioipokea Hidaya mlangoni, kwa maana kitovu chake kilitufikia sisi tarehe hiyo hiyo 4 Mei. Kwetu upepo ulianza kama kusi, ule upepo wa kusini. Mzee wangu, ambaye ni nahodha, alisema tangu jioni kwamba kusi hii si ya kawaida kwa sababu inavuma kwa vishindo, inapumzika kidogo halafu inapiga, wakati kusi ya kweli humsukuma mtu moja kwa moja bila kumwachia. Asubuhi ulipungua, na tukasubiri urudi kutoka upande wa pili kama wazee wanavyosimulia, lakini haukurudi kwa nguvu. Walisema baadaye kwamba kilikuwa kimefifia kilipogusa nchi kavu. Jambo moja la heri lilikuwa la mwezi: zilibaki kama siku nne mwezi uandame, kwa hiyo maji yalikuwa hayajafika bamvua, yaani yale maji makubwa ya mwezi mwandamo. Ingalikuwa bamvua, vyombo vilivyofungwa kwenye mikoko vingalipanda juu ya mikoko yenyewe.

Hasara yetu kubwa ni minazi na migomba. Mgomba utarudi baada ya mwaka. Mnazi mrefu wa asili ukiupanda leo utakaa miaka sita, saba, ndipo ukupe nazi ya kwanza, na mwenye shamba aliyefikisha miaka sabini hupiga hesabu hiyo kimoyomoyo kabla ya kununua mche.

Mwandani

Nauliza kwa heshima: hatuoni kwamba wazee huongeza chumvi? Mtoto wa miaka minane anawezaje kukumbuka mwelekeo wa upepo kwa miaka sabini na zaidi? Mimi nimesoma na watu wasiokumbuka mwaka waliomaliza shule.

Mleta uzi

Ndugu Mwandani, swali lako ni la haki, na mimi nimeliuliza kabla yako. Jibu langu ni kwamba kwa mtu wa pwani mwelekeo wa upepo si jambo la ziada analoliongeza kwenye hadithi, ni sehemu ya saa na kalenda yake. Bibi yangu hajui tarehe aliyozaliwa, lakini anajua alizaliwa katika tangambili, kaskazi ikiwa imeisha na kusi haijashika. Ukimwuliza kitu kilipo atakuambia "kipo kusini mwa mlango", hatakuambia kipo kulia. Zaidi ya hapo, yeye hashuhudii upepo wenyewe, anashuhudia minazi iliyolala, na minazi hiyo ilikaa pale miezi mingi ikikatwa kuni huku yeye akipita juu yake kwenda kisimani.

Sasa nieleze nilichokigundua, na mwenye elimu zaidi anirekebishe. Upande wetu wa dunia, kusini mwa Ikweta, kimbunga huzunguka kama akrabu za saa. Chora duara mchangani, zungusha kidole jinsi saa inavyokwenda, kisha jifikirie kwamba duara hilo linatoka baharini mashariki na kukujia wewe uliyesimama pwani. Ukingo wake wa mbele, ulio magharibi, unakuletea upepo kutoka kusini. Ukingo wa nyuma unakuletea upepo kutoka kaskazini. Aliyepitiwa na kitovu chenyewe atapata kusi kwanza, kisha ukimya wa katikati, kisha kaskazi. Na hayo ni maneno ya bibi neno kwa neno. Lakini aliye kaskazini mwa kitovu hataupata ukimya, atapata upepo unaotoka bara kwenda baharini, na hayo ni ya babu. Aliye kusini mwa kitovu atapigwa na upepo wa baharini tu, na hivyo ndivyo tulivyopigwa sisi wa Kilwa, kwa kuwa Hidaya ilikwenda Mafia, kaskazini yetu.

Kwa hiyo watu wawili wamebishana miaka hamsini kuhusu tufani moja, na wote wawili walikuwa wakisema kweli. Babu alifariki mwaka 2011 kabla sijaweza kumwambia.

Karafuu Kavu

Naomba kuchangia kutoka Unguja, ingawa habari yangu ni ya zamani na hakuna aliye hai wa kuulizwa. Kimbunga kilichotupiga sisi ni cha mwaka 1872, wakati Sultani Sayyid Barghash akiwa hajatimiza miaka miwili kwenye kiti. Kiliangusha kiasi cha theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya kisiwa, kikazamisha majahazi na merikebu za Sultani bandarini, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Watu wengi husema karafuu ni zao la Pemba kana kwamba ilikuwa hivyo tangu Adamu. Kumbe Pemba ilichukua nafasi hiyo kwa sababu mashamba ya Unguja yalilala kwa siku moja, na mkarafuu nao haukui upesi. Babu wa babu yangu alikuwa na shamba, na katika hati za familia shamba hilo linatajwa kwa hesabu ya miti kabla ya mwaka ule, na baada yake linatajwa kwa ukubwa wa ardhi tu. Hakuna mahali palipoandikwa neno kimbunga. Ukisoma unaona miti imetoweka kati ya karatasi mbili.

Jambo lililonishtua ni tarehe. Kimbunga cha Unguja kilikuwa tarehe 15 Aprili 1872. Ndugu umeandika kwamba cha Lindi ni tarehe 15 Aprili 1952. Ni miaka themanini kamili, siku kwa siku.

Mleta uzi

Mzee wangu Karafuu, shikamoo, na ahsante. Sidhani siku yenyewe ina siri, lakini mwezi unayo. Tazama orodha: 1872 Aprili, 1952 Aprili, Kenneth 2019 mwishoni mwa Aprili, Jobo 2021 mwishoni mwa Aprili, Hidaya 2024 mwanzoni mwa Mei. Vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi, vikifika nchi kavu, kwa kawaida huishia Madagaska na Msumbiji, na msimu wao mkubwa ni Januari hadi Machi. Karibu na Ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuuzungusha upepo, ndiyo maana sisi tumekingwa, na ndiyo maana mtu anaweza kuishi umri mzima pwani asikione hata kimoja. Kinachotufikia ni kile kinachozaliwa wakati ukanda wa mvua unarudi kaskazini na kutuletea masika, bahari ikiwa bado ya moto. Kwa maneno ya wazee, ni tangambili ile ile aliyozaliwa bibi yangu. Manahodha wa zamani hawakupenda kusafiri katika majira hayo, na sisi tulidhani ni kwa sababu ya kukosa upepo tu.

Mmakonde wa Shangani

Mimi ni wa Mtwara. Kenneth ya mwaka 2019 tuliihama sisi, ikawapata wenzetu ng'ambo ya Ruvuma. Tuliambiwa tuondoke ufukweni, shule zikafungwa, watu wakabeba magodoro kichwani kupandisha milimani, na tarehe 25 Aprili ikaingia Cabo Delgado huko Msumbiji, kusini yetu. Wamwani wa kisiwa cha Ibo, ambao lugha yao ukiisikiliza vizuri utaielewa nusu, walipoteza karibu kila paa. Ilikuwa ni wiki sita tu tangu kimbunga Idai kiupige mji wa Beira, huko huko Msumbiji. Nilikuwa nimesahau upepo tulioupata sisi siku ile mpaka niliposoma uzi huu, nikampigia simu dada yangu. Amenijibu bila kufikiri: "Ulitoka nyuma ya nyumba." Nyuma ya nyumba yetu ni bara, mbele ni bahari. Kwa hiyo sisi tulikuwa upande wa babu yako.

Mwandani

Nimechora duara mchangani kama mlivyosema, mwanangu akinisaidia. Naondoa neno langu kuhusu chumvi. Hata hivyo nina swali: kama hesabu hii ni sahihi, basi kwa ile ya mwaka 1952 lazima wawepo wazee wa kusini mwa Lindi ambao waliona upepo wa baharini tu. Bila hao, bado una mashahidi wawili kati ya watatu.

Mleta uzi

Umesema kweli. Wa Sudi, Mikindani, na vijiji vya kati, tunawasubiri.

Mleta uzi

Wanajukwaa, nimerudi baada ya wiki tatu. Hakuna aliyejibu hapa, lakini binamu yangu aliupeleka uzi huu kwenye kundi la simu la ukoo wa mkewe, ambao ni watu wa Sudi. Akapatikana mama mmoja mwenye umri mkubwa kuliko bibi yangu. Hakuulizwa swali la upepo moja kwa moja, maana nilimwomba binamu asimfundishe jibu. Aliombwa asimulie tu. Amesimulia kwamba siku hiyo bahari ilipanda mpaka kwenye mashimo ya chokaa ya baba yake na kuuzima moto wa tanuri, kwamba upepo wa mashariki ulivuma bila kupumzika mpaka usiku, na kwamba minazi yote ya kwao ililala ikiangalia bara, "kama watu wanaoswali safu moja." Alipoulizwa kama kulikuwa na wakati wa ukimya, alimshangaa aliyemwuliza.

Jana jioni nilikwenda kwa bibi na simu yangu nikamsomea yote, kuanzia ya babu wa Kilwa mpaka ya mama wa Sudi. Nikachukua njiti nikamchorea duara kwenye majivu ya jikoni, nikamwonyesha Lindi hapa, Sudi pale chini, kwao babu pale juu. Aliangalia kwa makini sana, akauliza kitovu ni kipi, nikamwonyesha. Akaniuliza kama ni pale walipokuwa wao. Nikamwambia ndiyo, bibi, karibu na hapo. Nikamweleza kwamba babu naye hakuwa mwongo, kwa mahali alipokuwa upepo ulitoka bara kweli.

Bibi akachukua njiti mkononi mwangu, akaweka alama ndogo katikati ya duara, akasema, "Basi yeye alikuwa kando. Upepo ulikuwa kwetu."